Dubu wa Ghorofa ya Tatu

Mzee Mita hakujua kwamba anatembea. Ungemuuliza, angekuapia kwamba ameketi kwenye kiti chake cha dirishani tangu asubuhi, anasikiliza redio kama mtu mstaarabu. Lakini zulia halina haya. Kutoka mlango wa jikoni, kupitia korido nzima, mpaka kwenye dirisha la sebuleni, palikuwa na njia imechimbika kwenye zulia la binti yake, nyembamba, iliyonyooka, rangi ya jivu pale ambapo zamani palikuwa pekundu, na njia ile haikuchimbwa na panya. Mzee aliondoka jikoni, akafika dirishani, akagusa fremu kwa vidole viwili, akakohoa kikohozi kimoja kikavu ambacho hakikutoka kifuani wala popote, akageuka kushoto, akarudi. Jikoni aligusa friji, akageuka, akaanza tena. Redio ilibaki inausemesha mto wa kiti.

Usimcheke kabla hujajua alikotoka. Jina la Mita alilipata kazini, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Huyo ndiye mtu aliyeingia kila ua, akafunua kila mfuniko, akajua nani anavujisha na nani amepitisha bomba la wizi pembeni ya mita huku akimkaribisha chai. Mbwa wa mji mzima walimjua kwa harufu na wenye nyumba walimjua kwa mizaha. Hata baada ya kustaafu alikuwa anatoka asubuhi kwenda kununua gazeti na kurudi adhuhuri, kwa sababu gazeti lilikuwa mbali kadiri alivyotaka liwe.

Kisha akateleza kwenye ngazi za jengo, pale ambapo mtu alimwaga maji ya sabuni, akavunjika mkono. Mkono ulipona. Mlango ndio haukupona. Wanawe wawili walikaa kikao juu ya kichwa chake, wakaamua baba asitoke tena peke yake, na tangu siku hiyo binti yake, aliyekuwa akiishi naye, akienda kazini alifunga mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo.

"Ni kwa usalama wako, baba," alisema.

"Sawa, mwanangu," alisema mzee, maana siku hizo mkono ulikuwa bado unamuuma na mtu mwenye maumivu hukubali lolote.

Binti huyo alikuwa mtunza wanyama kwenye bustani ya wanyama ya mji. Zamu yake ilikuwa kwa dubu jike mmoja mzee, mkubwa kama kabati la nguo, na wenzake kazini walimwita Mama Dubu. Jina lilimkaa. Hata baba yake alimwita hivyo akimuudhi, na kwa kuwa alimuudhi kila siku, lilikuwa karibu limeua jina lake la kuzaliwa.

Jioni moja Mama Dubu alikuwa jikoni anamenya viazi huku simu imewekwa kwenye spika, anazungumza na kaka yake. Huyu kaka ndiye mwana mkubwa wa Mzee Mita, mhasibu, mtu wa suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mzee alikuwa safarini kama kawaida yake, kwa hiyo mazungumzo yalimfikia vipande vipande.

Alipokaribia friji alisikia sauti ya mwanawe: "... si kawaida hiyo, dada. Mtu mzima anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, kutwa nzima. Akili imelegea."

Mzee akamhurumia sana huyo mtu mzima, hata asijue ni nani. Akagusa friji, akaenda dirishani, akakohoa, akarudi.

"... makao ya wazee ni mazuri tu. Kuna bustani, kuna wauguzi, kuna geti."

Hapo mzee alianza kushtuka. Akaenda dirishani mbiombio, akagusa fremu bila kuiangalia, akarudi.

"Kaka, nipe mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi," Mama Dubu alikuwa anasema. "Najua ninachofanya. Nina uzoefu."

"Uzoefu wa dubu!"

"Baba naye ana tofauti gani?"

"Haya. Nitakuja na daktari, rafiki yangu. Akimkuta baba bado anazunguka, Jumatatu tunampeleka. Tumekubaliana?"

Mzee Mita alitaka kusimama asikie jibu. Alitaka kwa moyo wote. Miguu ikakataa. Ilimchukua ikampeleka korido yote, huku shingo yake imegeuka nyuma kama ya mtu anayeburutwa na punda, na aliporudi jikoni simu ilikuwa imekatwa na binti anaosha viazi. Ndipo mzee alipotazama chini, akaona njia kwenye zulia, akaona miguu iliyo juu ya njia ni yake. Aliogopa. Hakuogopa kuzeeka, hilo alikwisha kulizoea. Aliogopa lile geti. Huku juu angalau aliyebeba ufunguo alikuwa mwanawe. Kule angekuwa mtu asiyemjua hata jina.

Kuanzia kesho yake, vitu vikaanza kupotea.

Kwanza sukari. Binti amekwisha kwenda kazini, mzee kachemsha chai, kafungua kopo mahali pake pa siku zote, hakuna kopo. Akatazama kabati la juu, la chini, ndani ya jiko. Hakuna. Jasho jembamba likamtoka. Mtu ambaye watoto wake wanasema akili imelegea hawezi kuwaambia kwamba amepoteza sukari jikoni. Basi akainywa chai chungu hivyo hivyo, na jioni binti alipomuuliza, akajikaza kisabuni.

"Sukari? Nimeacha. Inaharibu meno."

"Una meno mangapi, baba?"

"Yaliyobaki ndiyo ninayoyalinda."

Binti alionekana amevunjika moyo, na mzee hakuelewa kwa nini.

Ikafuata miwani. Asubuhi nzima mzee alikaa na gazeti mbele ya uso, haoni hata herufi moja, na binti alipokuwa anavaa buti za kazi akamuuliza kuna habari gani.

"Mambo ni yale yale," alisema mzee, akafungua ukurasa.

Zikafuata ndara, mguu mmoja mmoja. Ikafuata betri ya redio. Kila kilichopotea mzee alikifanyia uongo wake: ndara zinabana, redio inapiga kelele, uji ni bora kunywewa bila kijiko. Mchana alikaa peke yake ndani ya nyumba iliyofungwa, akijiuliza kama kweli ndiyo imefika, kama hivi ndivyo mtu anavyoanza kuondoka huku mwili umebaki. Alilia kidogo siku moja, akafuta machozi kwa kitambaa cha meza kwa sababu leso nayo haikuonekana.

Kilichomwokoa ni boksi. Alikuwa katikati ya korido anaelekea dirishani wakati paji la uso wake lilipogongana na boksi la viatu linaloning'inia kwenye fimbo ya pazia la korido. Alilitoa. Lilikuwa limefungwa kamba kwa mafundo. Ndani kumejazwa magazeti yaliyochanwachanwa, na katikati ya magazeti bomba la karatasi, na ndani ya bomba biskuti zilizopakwa jemu. Mzee akaketi sakafuni, akalitazama lile pambo. Akili ikilegea, mtu anaweza kusahau sukari. Anaweza kuweka miwani kwenye friji. Lakini hakuna mtu duniani anayesahau mpaka akapaka biskuti jemu, akazitia kwenye bomba, akafunga mafundo kama yale. Isitoshe, yeye na mafundo hawakuwahi kuelewana. Enzi zake za kazi viatu vyake vilifungwa na marehemu mkewe.

Akazila biskuti zote. Zilikuwa tamu kwa namna ambayo biskuti za kwenye sahani hazijawahi kuwa.

Jioni Mama Dubu aliingia, macho yakaenda moja kwa moja kwenye boksi tupu. Akagonganisha ulimi na kaakaa: tk, tk. Halafu kama aliyejikamata, akakimbilia jikoni. Wakati wa chakula akawa na furaha nyingi, anasimulia habari za kazini.

"Yule bibi wangu leo kanifurahisha, baba. Unajua alikuwa anazunguka uani kutwa, mahali palepale, mpaka majani yamekufa. Sasa mwezi huu simpi chakula kwenye sahani. Nakificha. Asali natia ndani ya gogo, samaki nazika mchangani. Leo nimemtundikia boksi, nimejaza majani makavu, ndani nikatia zabibu. Kahangaika nalo asubuhi nzima! Akipata namsifu kwa ulimi, tk, tk. Hajazunguka hata mara moja."

Mzee Mita aliacha kutafuna.

Damu ilimchemka. Yeye, aliyembeba huyu mtoto mgongoni akiwa na surua, yeye aliyemsomesha, leo anatundikiwa biskuti kwenye pazia kama dubu! Alifungua mdomo amtolee uvivu. Lakini kabla neno halijatoka, nyuma ya hasira ilikuja furaha, ikaipita hasira mbio. Hajarukwa na akili. Sukari haikupotea, ilifichwa. Miwani haikupotea, ilifichwa. Kichwa chake kilikuwa kizima kama yai.

"Dubu ana bahati," alisema kwa upole. "Mwanangu, nimerudia sukari. Iko wapi?"

"Itafute, baba," alisema Mama Dubu, na macho yakamng'aa kwa namna isiyo ya heshima hata kidogo.

Aliikuta ndani ya mfuko wa koti lake la mvua.

Mtu mwingine angesema ukweli, wakacheka, yakaisha. Lakini Mzee Mita alikuwa ametumia nusu ya umri wake akiwatega wezi wa maji, na dawa ya moto ni moto. Akavaa miwani ya mbao. Asubuhi iliyofuata Mama Dubu alikuta buti moja tu mlangoni.

"Baba, umeona buti yangu?"

"Buti? Mimi na akili yangu hii?"

Alichelewa kazini. Aliiona jioni, ndani ya pipa la mchele, imefunikwa vizuri. Alimtazama baba yake, baba yake akatazama dari. Binti angemlaumu vipi? Kumlaumu ni kukiri. Kesho yake yeye akaficha gazeti vipande vipande, kila ukurasa mahali pake, na mzee akasoma habari za michezo chooni na matangazo ya vifo ndani ya kabati la sahani. Mzee naye akajibu kwa kuficha filimbi ya kazi ya binti yake ndani ya sabuni, jambo lililomchukua siku mbili kwa kisu na maji moto, na ambalo, tuseme ukweli, lilikuwa kazi bora kuliko zote alizofanya tangu astaafu. Hapakuwa tena na saa ya kutembea. Mchana mzima alikuwa anatafuta, na asipotafuta anabuni pa kuficha. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.

Aliyesumbuka ni fundi cherehani wa ghorofa ya pili. Mama huyo alikuwa amezoea kukanyaga cherehani yake kwa kufuata hatua za mzee darini, na hatua zilipokoma akajidunga sindano. Mchana mmoja alipanda juu, akabisha hodi.

"Mzee Mita! Upo?"

"Nipo!" Mzee alikuwa juu ya stuli, mkono umezama ndani ya taa ya korido.

"Nimesikia kimya kingi, nikaogopa. Hebu fungua nikuone."

"Sina ufunguo."

Kitasa kilizungushwa mara moja kutoka nje, kikaachwa.

"Sina ufunguo wa mlango," mzee alirudia, kwa kuwa alidhani hakusikika.

"Nimekusikia," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Basi, pumzika, mzee wangu."

Mzee alishuka kwenye stuli polepole. Siku ile hakutafuta kitu tena.

Jumapili ya mwisho wa mwezi ilifika. Mhasibu aliingia na daktari wake, mtu mnene mwenye uso wa huruma na kalamu mfukoni, na Mama Dubu aliyekuwa amepiga deki tangu alfajiri akawakaribisha. Mzee Mita alikuwa ameketi kwenye kiti cha dirishani. Alikuwa ameapa hatanyanyuka hata nyumba ikiungua. Miguu ilimwasha. Aliibana chini ya kiti, mmoja juu ya mwingine.

Daktari alimuuliza jina lake, tarehe, na nani ni nani chumbani. Mzee alijibu vyote, akaongeza na bei ya vitunguu. Halafu, kwa kuwa hana la kufanya, akaanza kuwatazama wenzake. Mwanawe alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Hata kabla mkono haujatoka mfukoni akaitoa tena, akaitazama, akairudisha. Daktari alibonyeza kalamu yake, kliki, akapandisha miwani, akabonyeza tena, na miwani ilikuwa haijashuka. Mama Dubu alikwenda jikoni kuangalia kama amezima gesi. Akarudi. Akakaa. Akasimama akaenda kuangalia kama amezima gesi.

"Daktari," alisema mzee, "hebu mtazame na huyu mwanangu. Hiyo simu yake nadhani inamuuma."

"Baba!" alisema mhasibu, akaitoa simu.

Mama Dubu akatangaza chai, labda ili aokoe hali. Akaweka vikombe, akafungua kopo, na uso ukamshuka. Sukari haikuwepo. Akamtazama baba yake. Baba yake alikuwa ametulia kama picha ya ukutani.

"Sukari... iko hapa hapa," alisema Mama Dubu. "Nisaidieni kutazama."

Mhasibu akaona ndio ushahidi. "Unaona, daktari? Vitu vinapotea humu ndani." Hata hivyo akainua mto wa kochi, kwa sababu yeye hanywi chai bila sukari. Halafu akainua wa pili. Akaingiza mkono nyuma ya kochi mpaka begani na ile pasi ya suruali yake ikasahaulika. Simu ilikuwa mezani, hakuna aliyeikumbuka. Daktari alianza kwa adabu, akifungua droo kwa ncha ya kidole, lakini punde akawa amepiga magoti anachungulia chini ya kabati, kalamu imedondoka, uso mwekundu, anapumua kwa bidii.

"Kuna ubaridi ubaridi hapo," alisema mzee kutoka kitini.

"Hapa je?" alisema daktari.

"Joto kidogo."

Daktari akaipata sukari ndani ya redio, mahali pa betri mpaka nyuma ya spika, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Aliinyanyua juu kwa mikono miwili. "Nimeipata!" alipiga kelele, na Mama Dubu, bila kukusudia, akagonganisha ulimi na kaakaa: tk, tk. Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Walikunywa chai wakiwa na jasho na furaha. Mzee Mita hakuwa ameinuka kitini hata mara moja, na daktari hakuhitaji kufikiri sana.

"Huyu mzee ni mzima kuliko sisi," alisema. "Sioni sababu ya kumpeleka popote. Muendelee hivi hivi mnavyofanya."

Mama Dubu alitoa machozi. Mhasibu alikuna kichwa, akasema basi, kama ndivyo, hewala. Kila mtu alimtazama mzee kuona atakavyofurahi.

"Hivi hivi vipi?" aliuliza Mzee Mita.

"Hivi hivi, baba. Unabaki nyumbani na mimi."

"Na mlango?"

Binti alitazama kikombe chake. "Mlango... ni kwa usalama wako, baba."

Alikuwa ameshinda, na hakuona alichoshinda. Alikuwa ameibana miguu mchana kutwa, amefanya hila zote za dunia, na zawadi yake ilikuwa kiti kile kile, dirisha lile lile. Akaweka kikombe chini.

"Yule dubu wako. Anaendeleaje?"

"Vizuri sana, baba. Hazunguki tena. Amepona, unaweza kusema."

"Alhamdulillahi. Mnamfungulia lini?"

Mama Dubu alicheka. Aliona baba yake hacheki, naye akaacha. "Hafunguliwi, baba."

"Sasa anapona ili iweje?"

Daktari alitafuta kalamu yake, akakumbuka iko chini ya kabati. Mama Dubu alikuwa mwekundu wa macho. Alitia mkono kifuani, akavuta uzi uliokuwa shingoni mwake na ufunguo wa mlango ukatoka, umepata joto la mwili. Akauweka mezani mbele ya baba yake.

"Dada! Akianguka je?" alisema mhasibu.

"Ataanguka."

"Ndiyo majibu hayo?"

"Wewe ulianguka mara ngapi ukijifunza baiskeli?" alisema mzee. "Nilikufunga?"

Walibishana sana. Mwishowe mhasibu, ambaye hawezi kufunga hesabu bila uthibitisho, akatoa sharti: baba ashuke sasa hivi, peke yake, aende mpaka kwenye kona ya barabara na kurudi, wao wakimtazama kutoka dirishani. Akifika vizuri, ufunguo ni wake. Akibabaika hata kidogo, Jumatatu ni makao ya wazee, na hakuna wa kulia. Daktari alikubali. Mama Dubu alimtazama baba yake. Baba yake alikwisha kuvaa viatu.

Ngazi alizishuka akishikilia reli, akapita mlango wa fundi cherehani, akatoka nje. Jua lilimpiga usoni. Aliusikia mtaa kwa mwili mzima: harufu ya lami, mtu anagombana na pikipiki yake, watoto wanapigania mpira. Moyo ulimjaa mpaka akaogopa utamwaibisha. Akajinyoosha, akaanza kutembea kama bwana harusi, akijua nyuma yake juu kuna vichwa vitatu dirishani. Kona ilikuwa mbele, inaonekana wazi. Alipita duka. Alipita gari lililotobolewa tairi. Akafika kwenye nguzo ya taa.

Vidole viwili vikagusa nguzo. Kikohozi kimoja kikavu kikatoka. Akageuka kushoto.

Alikuwa amekwisha kuelekeza uso nyumbani kabla hajajua amefanya nini. Hakuchoka, hakuogopa, hakuitwa. Miguu tu ilifika mwisho wa korido. Korido ilikuwa imebaki kule juu, ghorofa ya tatu, lakini urefu wake ulikuwa umeshuka naye ngazi, ukatoka naye nje. Mazoea yana taabu. Mzee Mita alisimama katikati ya watu, jua tele, barabara imefunguka pande zote, na kwa mara ya kwanza tangu hadithi hii ianze akajionea huruma ya kweli.

Juu, mhasibu alikuwa amekwisha kunyoosha kidole.

Hapo ndipo ule ujanja wake wa miaka mingi wa kukabiliana na mbwa ulipomfaa. Mbwa akikuona unarudi nyuma, usimwonyeshe kwamba umerudi. Mwonyeshe kwamba ulikuwa na shida yako. Mzee alishika kiuno, akainua uso, akapiga kelele mtaa mzima usikie.

"Nyie! Mnaniacha natoka kichwa wazi na jua lote hili? Nileteeni kofia yangu!"

Kidole cha mhasibu kilishuka. Akatoweka dirishani, akarudi na kofia ya mzee, pama yenye ukingo mpana. Daktari alikuwa anacheka. Mama Dubu hakucheka. Alikuwa ameegemea fremu, anamtazama baba yake, kisha anaitazama nguzo, kisha anamtazama baba yake, kwa macho aliyoyatumia kazini. Mzee aliyaona macho yale hata kwa umbali ule, akajua kwamba daktari amedanganyika, na mhasibu amedanganyika, lakini huyu hakudanganyika.

Alingoja aseme. Hakusema. Alimnyang'anya kaka yake kofia.

"Idondoshe tu, dada, yuko chini hapo," alisema mhasibu.

Mzee Mita alinyoosha mikono aipokee. Mama Dubu alijitoa dirishani mpaka kiunoni, akavuta mkono nyuma, mkono wa mtu anayerusha chakula kuvuka handaki la dubu kila siku ya Mungu, akairusha. Kofia ilipaa ikizunguka. Ikapita juu ya kichwa cha mzee, ikapita nguzo ya taa, ikaenda, ikaenda, ikatua kwenye lami mbali kabisa upande wa kona.

"Umerusha mbali!" alilia mhasibu.

"Ataifuata," alisema Mama Dubu.

"Mwanaharamu wa mtoto," alisema Mzee Mita, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo duniani.

Akageuka. Safari hii aligeuka yeye. Miguu ilisita mbele ya nguzo, ikamwomba irudi, na mzee akaitukana kwa matusi ambayo hayaandikiki, mguu wa kulia kwanza, halafu wa kushoto. Akapita nguzo. Hatua iliyofuata ilikuwa ngumu kama kuingia mto usioujua kina chake. Iliyofuata haikuwa ngumu sana. Alipofika kwenye kofia akainama kwa uangalifu, mkono kwenye goti, na vidole vilipokaribia ukingo, upepo ukaiinua, ukaiviringisha, ikakata kona.

Dirishani walisikika wakipiga kelele, mhasibu zaidi, kwamba mwisho ni hapo, kwamba arudi sasa. Mzee Mita aliwapungia mkono bila kutazama nyuma, akakata kona naye.